Nasaba ya Sato na Perege

Mtu aingiaye Kariakoo asubuhi kwa minajili ya kutafuta kitoweo cha samaki wa maji baridi, akalizunguka lile soko lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, akapita Mtaa wa Mkunguni hata kufika Tandamti, halazimiki kujua mengi ili arudi nyumbani na samaki mwema: atasikia jina la sato, atasikia jina la perege, atatazama jicho kama lingali linang'aa na mashavu kama yangali mekundu, atapatana bei, kisha atafungiwa mzigo wake aende zake. Sato, kwa kauli ya wachuuzi, ni yule mkubwa ajaye kutoka Mwanza katika barafu; perege ni kila mwenye umbo la namna hiyo aliyetoka kwingineko, awe wa Mtera, awe wa Rufiji, awe wa bwawa alilolichimba mtu uani kwake huko Kibaha. Mama lishe atakayemkaanga na kumpakua pamoja na ugali hana haja ya kuuliza zaidi ya hapo, wala mlaji hadhuriki, maana nyama ya wote hao ni nyeupe na tamu, na mifupa yao ni ile ile.

Walakini katika beseni moja la perege waweza kuwamo samaki wa nasaba tatu au nne zilizotengana tangu dahari, na pamoja nao machotara wasiokuwa wa nasaba yoyote katika hizo. Kuchanganyikiwa huku kwa majina hakumgharimu mtu kitu sokoni, kwa kuwa samaki wa sokoni amekwisha kufa na safari yake yaishia chunguni. Kosa lile lile likifanywa juu ya samaki hai, achukuliwaye katika ndoo ya maji kutoka bonde la mto mmoja kupelekwa bonde la mto mwingine, huwa ni kosa lisilorekebishika. Na elimu ya kusoma alama za urithi, ambayo katika miaka hii ya karibuni imetumiwa sana katika maziwa na mito ya Tanzania, imetuonyesha kwa ithibati ni wapi kosa hilo limekwisha kutendeka na ni wapi bado twaweza kulizuia.

Samaki hawa wote, kwa hesabu ya wanazuoni, ni wa jenasi iitwayo Oreochromis, jina lililotolewa mwaka 1889 na Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza alipopokea samaki waliovuliwa katika Ziwa Chala, ziwa dogo lenye kina kirefu lililo ubavuni mwa Kilimanjaro. Wamejulikana kwa tabia moja ya ajabu, nayo ni kwamba mama hukusanya mayai yake kinywani, akayaatamia humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga wakiisha kuogelea huwapokea tena kinywani mwake pakiwa na hatari. Kwa kuwa samaki wa mtoni hawezi kuvuka mlima wala nyika kavu, kila bonde lilikuwa na wake. Ziwa Victoria lilikuwa na ngege, aliyeelezwa na Michael Graham mwaka 1928, na pamoja naye mbiru. Wami na Rufiji ilikuwa na Oreochromis urolepis, ambaye ndiye perege wa asili wa mito hiyo ya mashariki. Na katika bonde la Pangani, Rosemary Lowe, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lililokuwa Jinja, alitambulisha mwaka 1955 samaki watatu ambao hakuna aliyekuwa amewaandika kabla yake, akawapa majina ya mahali: jipe, pangani na korogwe.

Kazi hiyo ya kuainisha ilifanywa kwa jicho, rula na subira. Mtaalamu alihesabu magamba na miiba ya mapezi, akapima urefu wa taya na kina cha mwili, akachunguza meno yaliyo kooni, kisha akaandika rangi ya dume wakati wa kuzaliana, maana rangi hiyo ndiyo ishara iliyo dhahiri kuliko zote. Ethelwynn Trewavas, ambaye mwaka 1983 alitoa kitabu kikubwa juu ya jamii hii ya samaki, aliufikisha ustadi huo upeo wake. Lakini jicho nalo lina mpaka. Rangi hufifia mara samaki afapo. Majike na wachanga wa spishi mbalimbali hufanana kama mapacha. Mistari ya wima iliyo mkiani mwa sato, ambayo wengi huitegemea kumtambua, yaweza kuonekana nusunusu kwa samaki ambaye baba yake tu ndiye aliyekuwa sato. Na samaki wa bwawani, kwa kula vingine na kukua kwingine, hubadilika umbo hata akashindwa kulingana na maelezo ya kitabu.

Kabla ya zama za kusoma vinasaba palitokea kisa kimoja, chenye asili yake katika pwani yetu, kilichodhihirisha kwamba damu hujua mambo ambayo jicho halijui. Katika kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki kilichokuwa Malacca, C. F. Hickling alikuwa na perege walioletwa kutoka Unguja, ambao kwa sura walidhaniwa kuwa ni namna tu ya perege wa Msumbiji, yule aliyekwisha kuenea Asia kwa jina la samaki wa Java. Alipompandisha dume wa Unguja kwa jike wa Java, watoto wote walitoka madume. Akarudia, wakatoka madume tena. Mwaka 1960 aliitangaza habari hiyo, na wafugaji wakaifurahia sana, kwa kuwa bwawa la madume watupu halijai vifaranga waliodumaa. Mintarafu ya elimu, maana yake ilikuwa kubwa zaidi: katika samaki wa Java jinsia huamuliwa na urithi wa baba, na katika wale wa Unguja huamuliwa na urithi wa mama, na viumbe wawili wanaotofautiana katika jambo la msingi namna hiyo hawawezi kuwa kabila moja. Mwaka 1966 Trewavas akawapa wa Unguja jina lao, hornorum. Asili yao ni Mto Wami huku bara, na wataalamu wengi leo huwahesabu kuwa ni tawi la urolepis.

Kilichojulikana Malacca kwa kuzalisha vizazi bwawani, leo hujulikana kwa kipande cha pezi kisichozidi ukucha, kilichohifadhiwa katika spiriti kali. Kila chembe hai ya mwili wa samaki hubeba maandishi ya urithi, yaani DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zilizopewa alama za A, C, G na T. Na urefu wa maandishi hayo katika sato hukaribia herufi bilioni moja, zilizogawanywa katika jozi 22 za kromosomu, ambamo kila jozi ina moja iliyotoka kwa baba na moja iliyotoka kwa mama. Wanaozijua tendi za kale za pwani, zilizokuwa zikinakiliwa kwa hati ya Kiarabu kutoka mkono mmoja hata mwingine, watalielewa jambo hili upesi: kila mnakili, hata awe mwaminifu namna gani, huteleza mahali fulani, na yeyote atakayenakili kutoka kwake huliendeleza kosa lake pamoja na kuongeza la kwake mwenyewe; hivyo mchunguzi akikuta miswada miwili yenye makosa yale yale mahali pale pale, hujua kwamba imetoka katika nakala moja, na kwa kuyahesabu makosa yasiyoshirikiwa hukadiria imepita mikono mingapi tangu kutengana. Alama za urithi ni makosa ya namna hiyo, ila mnakili ni maumbile na muda ni maelfu ya karne.

Alama hizo ni za namna mbalimbali, na kila moja ina kazi yake. Kuna mahali katika maandishi ambapo herufi mbili, tuseme C na A, hurudiwarudiwa mfululizo, mara kumi na kitu kwa samaki mmoja na mara ishirini na kitu kwa mwingine. Mahali hapo huitwa mikrosatelaiti, na kwa kuwa hesabu ya marudio hubadilika upesi, hufaa sana kuwapambanua ndugu wa karibu. Samaki akikutwa kwamba katika sehemu nyingi ana hesabu moja ya kawaida kwa sato na nyingine ya kawaida kwa perege wa Pangani, hapana shaka mzazi wake mmoja alikuwa huyu na wa pili yule. Na akikutwa na robo tu ya alama za sato, basi aliyechanganya ni babu au bibi. Kuna pia mahali ambapo herufi moja tu imebadilika, A ikawa G au C ikawa T, na mahali pa namna hii hupatikana kwa mamilioni katika maandishi yote, ingawa ni pachache panapofuata barabara mpaka baina ya spishi na spishi.

Namna ya tatu hutoka katika mitokondria, vile viungo vidogo vya chembe vinavyotoa nguvu, vyenye DNA yao wenyewe ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Kipande cha herufi zipatazo 650 kutoka humo ndicho ambacho Paul Hebert wa Kanada na wenzake walikipendekeza mwaka 2003 kiwe kitambulisho cha wanyama wote, na kwa samaki wengi wa baharini kinatosha kabisa kusema huyu ni changu na huyu ni chewa. Kwa jamii ya perege hakitoshi, na sababu yake ni wazi: chotara aliyezaliwa na mama ngege na baba sato, ukimsoma kwa mitokondria tu, atakujibu kwamba yeye ni ngege halisi, wala hatamtaja baba yake abadan. Fauka ya hayo, uchotara wa kale sana waweza kuuacha urithi wa mama katika ukoo ambao kwa mengine yote umekwisha kurudi kuwa wa baba. Mwaka 2019 Antonia Ford na wenzake walipolinganisha DNA ya mitokondria na ile ya kiini cha chembe katika spishi nyingi za Oreochromis, waliona kwamba nasaba mbili hizo hazipatani kila mahali. Waliona pia kwamba samaki wadogo wa maji ya magadi ya Ziwa Natron, waliokuwa wamewekwa katika jenasi yao ya pekee, wamo ndani ya ukoo huu huu, na kwamba kuyahamia maji makali kulitokea zaidi ya mara moja, kila tawi kwa wakati wake.

Haja ya kuyajua haya isingekuwa ya haraka kama kila samaki angalibaki katika bonde lake. Nyavu za kisasa zilizoingia Ziwa Victoria mwaka 1905 zilimpunguza ngege upesi hata Graham, katika uchunguzi wake wa 1927 na 1928, akashauri matundu yasiwe chini ya inchi 5; na katika miaka ya 1950 wakuu wa uvuvi, kwa nia ya kuongeza kitoweo, wakaliingizia ziwa hilo sato kutoka kwingineko, pamoja na yule mwenye madoa meupe, Oreochromis leucostictus, na wengineo, sangara akifuatia. Sato, ambaye kwa Tanzania asili yake ni upande wa Ziwa Tanganyika, akatamalaki. Ngege akakimbilia viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli nchini Kenya, na leo amo katika orodha ya viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Kwa hiyo sato wa Mwanza anayesifiwa Kariakoo kana kwamba ni mwenyeji wa ziwa lile tangu Nuhu, hata miaka mia hajaitimiza humo. Baadaye vifaranga wa sato na wa leucostictus wakapelekwa katika mabwawa ya umeme, ya kumwagilia na ya wafugaji katika pande nyingi za nchi, na kila bwawa lililofurika wakati wa masika liliwafungulia njia ya mtoni.

Kujua kilichotokea baada ya hapo ilikuwa kazi ya miaka mingi, iliyofanywa kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, yaani TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980 na yenye makao yake hapa Dar es Salaam, na vyuo vikuu vya Bristol na Bangor vya Uingereza. Miongoni mwa waliotia mkono ni Benjamin Ngatunga na Asilatu Shechonge kwa upande wa TAFIRI, na Martin Genner na George Turner kwa upande wa vyuo hivyo. Katika bonde la Pangani, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, mikrosatelaiti zilifichua machotara wa sato na jipe, wa leucostictus na jipe, wa sato na korogwe, na hata wa jipe na korogwe ambao wote wawili ni wenyeji. Habari njema ilikuwa kwamba machotara hao bado walikuwa wachache kuliko walio safi, na kwamba katika sampuli za bonde la Victoria hawakuonekana. Habari ya kutahadharisha ilikuwa kwamba vipimo vya umbo, hata vilipofanywa kwa ufundi wa hali ya juu, viliweza kuwatenga walio safi wao kwa wao, lakini machotara havikuwabainisha. Mvuvi wa Ziwa Jipe anayeshika chotara mkononi hana njia ya kumjua, wala mtaalamu aliyesimama kando yake hana.

Kisa cha kusini kinashangaza zaidi. Baina ya mwaka 2013 na 2016 watafiti walikuta katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, upande wa Lindi, perege wanaofanana na korogwe, samaki aliyejulikana kuwa wa kaskazini tu, kama wale wa Mto Zigi na bwawa la Mlingano upande wa Tanga. Dhana ya kwanza, na ni dhana ya akili, ni kwamba kuna mtu aliyewachukua kaskazini akawatia huko zamani za karibuni, kama walivyotiwa wengine. Mikrosatelaiti pamoja na usomaji wa maandishi yote ya urithi vikatoa jibu jingine, lililochapishwa mwaka 2021: wa kusini na wa kaskazini walitengana yapata miaka 140,000 iliyopita, kabla hapajakuwa na mtu wa kubeba ndoo. Wale wa Lindi ni wenyeji wa kweli, ukoo wa pekee uliokuwa haujulikani. Na uchunguzi ule ule ulikuta kwamba sato amekwisha kufika katika maziwa hayo matatu na kuzaa na wenyeji. Yaani ukoo huo uligunduliwa na kuonekana u hatarini kwa pamoja, katika karatasi moja.

Mtu aweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kuna hasara gani sato akiwameza hawa wote, maadamu hukua upesi na watu wapate kula? Jibu la kwanza ni kwamba faida ya sato kuwashinda wenyeji wenye miili mikubwa haijathibitishwa kila mahali. Ilidhaniwa tu, ikafuatwa kama desturi. Jibu la pili ni la mfugaji mwenyewe. Urolepis huvumilia maji ya chumvi, samaki wa Natron huvumilia magadi na joto, na sifa za namna hiyo, ambazo zimejengwa kwa maelfu ya vizazi, ndizo hazina ambayo wazalishaji wa kesho wataihitaji mabwawa yatakapopungua maji na mashamba ya pwani yatakapoingia chumvi. Zikiisha kutawanywa ndani ya machotara, hapana fundi awezaye kuzikusanya tena. Na la tatu, mfugaji anayenunua vifaranga kwa jina la sato, ilhali ni mchanganyiko wa sato na wengine, hulipia ukuaji ambao hataupata, akadhani kosa ni la chakula au la maji yake.

Hapo ndipo elimu hii inapotoka maabara na kuwa kitu cha matumizi. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba si lazima kusoma herufi zote bilioni moja: walichagua mahali 96 tu penye mabadiliko ya herufi moja, wakathibitisha kwamba panatosha kumtambua samaki wa Tanzania ni spishi gani na kama ni chotara, kwa usahihi unaokaribia ule wa kusoma maandishi yote, na unaopita ule wa mikrosatelaiti na wa jicho. Kipimo kidogo namna hii chaweza kufanyiwa wazazi wa samaki katika kituo cha vifaranga kabla hawajazalishwa, na chaweza kufanyiwa ziwa kabla halijaruhusiwa kutiwa mbegu.

Alhasili, hatuna sababu ya kuwalaumu wachuuzi kwa majina yao, wala ya kumtaka mnunuzi wa Kariakoo aulize nasaba ya kitoweo chake. Ulizo hilo lina mahali pake na watu wake: ni la mwenye kituo cha kuzalisha vifaranga, la afisa uvuvi wa wilaya, na la mfadhili anayekuja kijijini na mradi wa mabwawa, nao watatu hao walizoea kuulizana bei, idadi na usafiri, na sasa imewalazimu kuulizana asili. Mabonde ambayo wenyeji wake wangali safi yajulikane kwa majina na yasitiwe mbegu ya nje, na mabonde yaliyokwisha kuchanganyika yapewe vifaranga waliopimwa. Sheria yaweza kupiga marufuku wavu mbaya, na wavu ukachomwa, na samaki wakarudi. Lakini hakuna sheria iwezayo kuitoa damu moja ndani ya nyingine, kwa hiyo kipimo hiki, tofauti na vingine vingi vya uvuvi, hakina faida kikichelewa.